Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: vikao vya Jumamosi vilifanyika, rafu ya kuazimia imepangwa upya, wageni wawili walituzungumzia. Sitazirudia.

Nieleze uamuzi uliozua maneno: kuacha kitabu kimoja kila mwezi na kutumia miezi minne kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi. Nimeambiwa nimekigeuza chama kuwa darasa la chuo kikuu. Sikubali. Tulikuwa na nakala 5 kwa wanachama 32. Nakala ikikaa kwa mtu siku kumi, wengi hufika kikaoni na muhtasari wa kusimuliwa, na mjadala huishia kwenye "kimenipendeza" na "hakikunipendeza". Nagona ni fupi, lakini haina msuko wa matukio wa kumshika msomaji mkono kama ule wa riwaya yake Rosa Mistika (1971); mtu akiipitia mbiombio hutoka mikono mitupu. Ndiyo maana nilipendekeza, na kamati ikaridhia, kwamba kikao kisome kurasa chache tu, palipo pagumu pasomwe kwa sauti mara mbili, kila mmoja alete swali moja la maandishi, na mchokoza mada asizidishe dakika kumi. Asiyesoma anakaribishwa, ila azungumze mwisho.

Wapo waliotaka tuanze na riwaya yake nyingine, Kichwamaji (1974), inayouliza maana ya maisha kwa hadithi iliyonyooka. Hoja ina uzito, lakini wengi wetu tulishaisoma, na mtu hutetea alichokwisha kuamini. Kwenye Nagona hakuna aliyekuja na jibu mfukoni. Ndipo wanachama waliokuwa wakisalimiana mlangoni tu wakaanza kutafutana katikati ya wiki kubishana kuhusu ukweli na imani. Chama kiliundwa kwa ajili hiyo, na nasimamia uamuzi wangu.

Kinachosikitisha ni mahudhurio: kwa wastani watu 11, na waliolalamika zaidi ndio waliohudhuria kidogo. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Wanachama 14 hawajalipa tangu Machi hadi Desemba, jumla 420,000. Uhaba wa nakala mnaoulalamikia umetokana na hapo. Mhazini anayo orodha.

Mwakani, Mungu akipenda na ada zikiingia, tunatarajia kuongeza nakala na pengine kumrudia Shaaban Robert.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti