Mdogo wangu, kabla hujaacha udaktari

Assalaam alaykum mdogo wangu,

Meseji yako niliisoma saa tisa usiku nimekaa kwenye kiti cha manesi, kiatu kimoja nimevua. Umeandika "dada nahisi siwezi kuwa Muislamu mzuri na daktari mzuri kwa pamoja, bora nichague kimoja." Nilitaka nikujibu palepale ila mgonjwa wa kitanda cha nne akaita, alafu kukakucha, alafu nikalala kama gogo, ndo nakujibu leo, na naandika wazi manake sio wewe peke yako unayeniuliza hilo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa intani niliingia kwenye operesheni moja mchana, Adhuhuri nimeshaswali, nikaambiwa ni ya saa moja na nusu tu. Tumbo lilipofunguliwa yakawa mambo mengine kabisa, damu haikamatiki, na mie kazi yangu ni kushika vyuma vya kutanulia kidonda na kunyamaza. Saa ya ukutani iko mbele yangu. Naona saa tisa, naona saa kumi, naona saa kumi na moja, nimeshavaa gauni na glavu siruhusiwi kugusa hata pua yangu, moyoni naleta istighfari kama mtu aliyefumaniwa anaiba. Tunatoka, Magharibi imeshaingia. Nikaenda chumba cha kubadilishia nguo nikalia mpaka kola ya skrabu ikaloa. Mgonjwa alipona, alhamdulillah, wala sikuwa namlilia yeye. Nilikuwa nalilia Alasiri.

Nilitembea na kile kitu miezi mingi simwambii mtu, hadi siku moja nikamuuliza sheikh mmoja mtu mzima. Akanisikiliza weee, kisha akauliza, udaktari umesoma miaka mingapi? Nikamwambia mitano. Na fiqhi? Nikanyamaza, manake madrasa niliacha na miaka kumi na mbili. Akasema basi mwanangu, una elimu ya dawa ya mtu mzima na elimu ya dini ya mtoto, we unashangaa nini zikigombana?

Sijawahi kuambiwa neno likaniuma na kunituliza kwa mpigo kama lile.

Manake kumbe hadithi ya sahaba Ibn Abbas iko ndani ya Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alijumuisha, yaani aliswali pamoja kwa mpigo, Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akiwa Madina, hakuna hofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa kwa nini akajibu alitaka asiutie umma wake dhiki. Wanazuoni wana maneno mengi hapo, wa madhehebu ya Hanafi hawajumuishi ila kwenye Hija, wengine wanaruhusu kwa haja kubwa mradi isiwe mazoea, kwa hiyo usinichukue mie kama mufti, nenda kaulize kwa unayemwamini. Ila uliza KABLA hujaingia thieta, sio baada ya kulia. Mie nilipitisha mwaka mzima sijui hata kama kuna swali la kuuliza.

Na udhu je. Ntakuchekesha. Nilikuwa natia udhu kwenye sinki la wodini, mguu wa kulia uko juu ya sinki, suruali nimekunja mpaka gotini, natafuta balansi kama korongo, mlango ukafunguka akaingia profesa na wanafunzi sita. Hakuna aliyesema kitu. Wakatoka kinyumenyume. Baada ya hapo ndo nikasoma mlango wa fiqhi wa kupangusa khofu, yaani soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, ambao upo kwenye vitabu tangu zamani: unavaa khofu zako za ngozi ukiwa na udhu kamili, ukitengukwa unapangusa juu tu, mkaazi siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu. Zamu nzima ya masaa 24 imo humo. Sinki libaki la kunawia mikono.

Mikono mirefu na hijabu, hapo najua ndo umekwazika zaidi kwa ulivyoniandikia. Yule aliyekwambia mbele za watu "hiki kitambaa utakiacha mlangoni" alikosea adabu, lakini hoja ya vijidudu usiidharau, ni ya kweli, mkono wa shati unagusa kitanda hiki na kile. Suluhisho zipo. Uingereza walipoanza sheria ya mikono wazi chini ya kiwiko madaktari wa kike wa Kiislamu walilalamika, na mwongozo wa 2010 ukaruhusu mikono ya kuvaa mara moja na kutupa. Mwaka 2019 hospitali ya Derby hukohuko ikaleta hijabu za thieta za kutupwa, na wazo lilitoka kwa daktari mmoja mdogo tu wa kike aliyekuwa anatolewa thieta kwa sababu ya kitambaa chake. Alienda kuongea na wakubwa, hakuandika barua ya kuacha kazi.

Sanitaiza yenye pombe, usijitese, baraza la fiqhi la Makka lililiongelea 2002 likaruhusu kwa matumizi ya nje. Heparini, ile sindano ya kuzuia damu kuganda, ndo inahitaji moyo, manake inatoka kwenye utumbo wa nguruwe, na enoksaparini nayo hivohivo. Mgonjwa Muislamu akikuuliza usimdanganye. Mwambie inatoka wapi, mwambie damu ikiganda kwenye pafu inaua, mwambie kuna fondaparinuksi inayotengenezwa kimaabara ila mwenye figo mbovu haimfai, alafu mwache aamue na imamu wake akitaka. Wengi nilioongea nao hivyo wamekubali sindano, walitaka tu wasifichwe.

Ramadhani nayo. Kuna alasiri moja mkono ulinitetemeka nashona ngozi, sio sana, ila niliuona na daktari mkubwa akauona. Nilikuwa sijala daku kwa kiburi tu, eti ntaweza. Vitabu vya Kishafii vinatoa mfano wa anayefungua ili amwokoe mtu anayezama, anaruhusiwa, analipa baadaye. Sasa aliyelala mbele yako tumbo wazi hana tofauti na anayezama. Kwa hiyo kula daku, omba zamu za usiku mapema kabla ratiba haijatoka, na siku ukishindwa, fungua bila kujiona kafiri.

Watu hupenda kutaja Ibn Sina, yule tabibu wa kale, kila wakishindwa hoja, mie sitaki. Ila namkumbuka Ibn al-Nafis, yule wa karne ya 13 aliyeeleza jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni ndo irudi kushoto. Huyo alikuwa anafundisha fiqhi ya Kishafii Cairo. Yaani mtu mmoja, asubuhi mapafu, jioni mlango wa tohara. Na Rufaida, mwanamke aliyetibu watu zama za Mtume, hema lake la majeruhi lilikuwa msikitini Madina, sahaba Saad bin Muadh alipopigwa mshale kwenye vita vya Khandaq ndiko alikopelekwa. Ukiambiwa mwanamke wa Kiislamu na damu za wanaume wapi na wapi, hilo hema lipo.

Ah, na kitu kidogo: usimwambie mgonjwa asiye Muislamu "inshallah utapona" ukaishia hapo. Kuna mzee mmoja aliniuliza, daktari mbona unasema kama huna uhakika? Tangu siku hiyo nampa maelezo yangu yote kwanza, alafu inshallah naimalizia.

Barua ya kuacha chuo usiipeleke wiki hii. Khofu zangu za zamani bado zipo kabatini, ngozi imelainika vizuri na nadhani miguu yetu namba moja. Njoo uzichukue, ila usije Jumamosi, nipo zamu.

Dada yako