Engaruka lilikuwa shamba, si jiji la maajabu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipoanza kazi ya ualimu na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu kuhusu magofu ya Engaruka ndiyo iliyonifikisha hapa. Mwandishi wenu amepaita "jiji lililopotea", akasema waliolijenga hawajulikani, na akaacha nafasi ya msomaji kudhani kwamba walitoka ng'ambo.

Engaruka ni shamba. Ni shamba kubwa kuliko mengi tuliyo nayo leo, hekta 2,000 hivi za vitalu vilivyozungushiwa mistari ya mawe, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ol Doinyo Lengai. Lililimwa kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Wakulima wake waliishi katika vijiji saba mlimani, nyumba zimekaa juu ya matuta yaliyotengenezwa kwa mawe, na mashamba yako chini yao. Maji ya vijito yalishuka kwa mifereji. Wachimbaji wameokota mbegu za mtama zilizoungua. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha pia kwamba baadhi ya vitalu vilitengenezwa kwa tope: wakulima walipanga mawe, wakaelekeza maji, tope likatuama, wakaongeza mawe, mpaka udongo ukawa wa kulima. Hiyo ni akili ya mtu anayeijua ardhi yake.

Jina la "jiji" nalo lina chanzo chake. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935 akakisia kwamba paliishi watu 30,000 hadi 40,000. Waliochunguza baada yake waliona idadi hiyo ni kubwa mno, maana si vitalu vyote vilivyolimwa wakati mmoja. Kwa nini mwandishi wenu anarudia kisio la 1935 na kuyaacha yote yaliyofuata?

Na hilo la "hawajulikani" ndilo lililonichoma, kwa sababu nimelisikia pale pale kwenye magofu. Niliwapeleka wajukuu zangu na wenzao wa mtaani. Kijana aliyetutembeza, ambaye kazi yake ni hiyo, akasimama juu ya mfereji akawaambia watoto kwamba kazi ya namna hii haikuweza kufanywa na watu wa huku, kwamba ni Wamisri au Wafoinike, mabaharia wa kale wa Mediterania, waliopita. Aliwaambia watoto wa Kitanzania! Nilimkatiza mbele ya wote. Nilimuuliza kama amewahi kufika vijiji vya Samunge au Digodigo, kwa Wabatemi ambao wengi huwaita Wasonjo, akaone wazee wanaoitwa wenamiji wakiamua zamu za maji ya mifereji. Hajafika. Nilimuuliza kuhusu mifongo, yaani mifereji ya Wachaga, na ndiva, yaani mabwawa ya maji ya Wapare. Hakujua. Nilimuuliza kama amesikia simulizi zinazowahusisha wakulima wale na Wairaqw, au na hao Wabatemi wanaosimulia habari za Khambageu, shujaa wao wa kale, aliyezaliwa kutoka kwenye mguu uliovimba wa baba yake. Akacheka. Mhariri, simulizi hizo hazikubaliani zote, na hakuna inayotosha peke yake kuwa ushahidi, lakini ni za watu wa hapa wanaoishi na mifereji mpaka leo. Mtu anayezicheka kisha akawasimulia watoto habari za Wafoinike anawanyang'anya babu zao, na anapokea ujira kwa kazi hiyo. Mjukuu wangu mmoja aliniuliza njiani kama babu zetu hawakujua kujenga.

Tukiwa kwenye habari ya ujira, barabara hiyo ina mageti. Unalipa hapa, unalipa tena mbele, kila geti na risiti yake. Nimelipa bila ubishi. Ila ukifika kwenye vitalu, ng'ombe wanapita juu ya kuta za mawe na sikuona bango hata moja lililoandikwa kwa Kiswahili. Fedha hizo zinakwenda wapi?

Napendekeza hivi. Sehemu ya kila risiti ya geti iwekwe kando, inunue mabango matatu ya chuma: moja kwenye chanzo cha mto, moja vijijini juu, moja kwenye vitalu, yote yaandikwe Kiswahili, Kimasai na Kibatemi. Sehemu nyingine imlipe nauli na posho mzee mmoja wa Kibatemi anayejua kugawa maji, aje kila mwaka akae wiki nzima na vijana wanaotembeza wageni. Asiyehudhuria asipewe kibali. Nanyi mchapishe makala nyingine, ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule, na mwandishi aanzie safari yake Samunge wakati wa zamu za maji, asianzie hotelini.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Mto wa Mbu