Shukrani za Familia kwa Mazishi ya Mama Yetu Mpendwa

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa marehemu tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa rehema zake zisizokoma, na tunatoa shukrani za dhati kwa wote waliokuwa pamoja nasi katika kumuuguza, kumwombolezea na kumsindikiza mama yetu mpendwa hadi nyumba yake ya milele.

Wiki zake za mwisho zilikuwa nzito mno. Maumivu yalipozidi usiku, Mama hakuweza hata kugeuka kitandani bila kusaidiwa, na zipo saa ambazo sisi wanawe tulikosa neno la kuomba, tukabaki tumemshika mkono tu. Ni katika siku hizo alipomtuma mjukuu wake amletee daftari la madeni, alilolitunza tangu alipokuwa akifanya biashara, akataka asomewe jina moja baada ya jingine. Kila jina liliposomwa alivuta pumzi, kisha akasema, “Futa,” na mjukuu akapiga mstari kwa kalamu.

Walipofika kwa ndugu mmoja ambaye, mbali na deni lake kubwa, alikuwa amemsema Mama vibaya mbele za watu, mjukuu alisita. Mama akaomba asomewe Mathayo 18, habari za mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000, kwa hiyo lile deni la kwanza mtu asingelimaliza hata angepewa maisha elfu ya kufanya kazi. Mama alisema kwamba Bwana amemsamehe mengi, naye hawezi kwenda mbele zake na daftari mkononi. Jina likafutwa.

Kwetu wanawe msamaha ule haukuwa mwepesi, na tuliupokea kwanza kwa kumtii Mama. Ndugu huyo alipopata habari alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda, na tangu siku hiyo yeye na mkewe walikesha na mgonjwa kwa zamu hadi alipoitwa na Bwana. Mikono yake ilikuwa miongoni mwa iliyobeba jeneza. Ndugu yetu, hatuna cha kukulipa. Tulikuona ukimnywesha Mama maji kwa kijiko, taratibu, ukimfuta midomo, na mioyo yetu ikalainika.

Shukrani za pekee zimwendee pia muuguzi ambaye, baada ya kumaliza zamu yake ya kazi, alipita nyumbani kumsafisha Mama vidonda bila kudai chochote, pamoja na mchungaji wetu, aliyemletea Meza ya Bwana kitandani na kutufundisha kuomba tena, sisi tuliokuwa tumechoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote, wazee wa kanisa, wainjilisti, wanakwaya, umoja wa wanawake, vijana, majirani, wafanyakazi wenzetu, waliochanga, waliopika, waliotoa usafiri, waliochimba kaburi, waliotuma salamu za rambirambi kutoka mbali, na wote waliotuombea kwa siri.

Si rahisi kumtaja kila mmoja, na tunajua kwamba wapo waliotenda makubwa ambao hawakutajwa hapa. Tunawaomba radhi kwa unyenyekevu. Mkituona tumepita bila kushukuru, hayo ni majonzi, wala si dharau, tunaomba mtuhurumie kama Mama alivyowahurumia wengine, naye Bwana aliyesema, “Heri wenye rehema, maana hao watapata rehema,” awarudishie.

Wale waliokuwa wakidaiwa na Mama, tafadhali msikwepe nyumba yake kwa ajili ya deni, kwa kuwa limekwisha kufutwa. Aliyekuwa akimdai Mama chochote, kikubwa au kidogo, aje kwa mtoto wake wa kwanza ili alipwe.