Kazi za Kiangazi Shambani: Ni Masomo au ni Kibarua?

Ndugu Mshauri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nifikishe kwako na kwa wasomaji wenzangu jambo ambalo mimi na mume wangu tumelijadili kwa muda mrefu bila kufikia mwafaka. Sisi ni wakulima na wafugaji, tunaishi shambani, na watoto wetu watatu tunawafundisha wenyewe nyumbani. Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 13, anayemfuata ni msichana wa miaka 10, na kitinda mimba ana miaka 6. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mpango huu unatuendea vizuri. Shida huanza kiangazi kinapoingia, kwa sababu majira yaleyale ambayo shule hufungwa na watoto wengine wakapumzika ndiyo ambayo shamba halimpi mtu nafasi ya kuketi, na kwetu sisi hakuna kengele ya kufunga shule wala ya kutoka kazini.

Swali letu, ukiliondolea maneno mengi, ni hili: kazi ya shamba anayoifanya mtoto wakati wa kiangazi ihesabiwe kuwa masomo hadi wapi, na ni wapi inapogeuka kuwa kibarua tu?

Mume wangu anaamini kwamba shamba ni darasa tosha, na hoja yake ina uzito ambao sitaki kuupunja. Mwanzoni mwa kiangazi hiki binti yetu alisimamia mayai ya kuku katika mashine ya kutotolesha. Alijifunza kwamba joto linapaswa kukaa kwenye nyuzi 37.5 za Selsiasi, kwamba mayai hugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18 kisha huachwa yatulie, na kwamba vifaranga hutoka siku ya 21. Alikuwa akisoma kipimajoto asubuhi na jioni, akiandika vipimo na kuvichorea grafu. Siku ya 7 tulizima taa, akaliweka yai juu ya tochi, akaona mishipa myembamba ya damu imetawanyika kutoka kwenye kidoa cheusi, akanishika mkono na kunivuta nitazame kabla halijapoa. Mayai yasiyorutubishwa aliyatenga na kuyatafutia asilimia, na hesabu hizohizo za asilimia, ambazo wakati wa baridi zilikuwa zikimliza mezani, zikamwingia bila mimi kueleza chochote. Vifaranga walipototolewa alikuwa ameshajua kwamba wiki ya kwanza wanahitaji joto la karibu nyuzi 35, kwamba hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki kadiri manyoya yanavyoota, na kwamba kila anayewashika sharti anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa kuku huweza kubeba bakteria wa salmonela hata akionekana mzima kabisa. Kama hayo si masomo, mimi sijui masomo ni yapi.

Upande wa pili ni nyasi za mifugo. Nyasi hukatwa, husambazwa na kugeuzwa zikauke, kisha hufungwa marobota na kuingizwa ghalani. Zikinyeshewa baada ya kukatwa hupoteza virutubisho. Zikifungwa zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, huchacha, huota ukungu, na joto linalojikusanya ndani ya robota linaweza hata kuwasha moto ghalani bila mtu kugusa kiberiti. Kwa hiyo mawingu yakionekana kila mwenye mikono huitwa, na hapo simlaumu mume wangu, maana lishe ya ng'ombe ya miezi yote ya baridi hutegemea siku hizo chache za jua kali. Mtoto wetu mkubwa alipoanza kazi hii alijifunza mengi. Alijua kuzisokota nyasi mkononi na kukadiria kama zimekauka, na aliweza kumweleza mdogo wake kwa nini kitu chenye maji ndani yake kinaweza kushika moto. Baada ya hapo hakuna jipya alilojifunza. Alibeba marobota, akayapanga, akarudi kubeba mengine, na jioni nilimkuta amelala kichwa juu ya daftari, kalamu ingali vidoleni, mabua yamejaa nyweleni, na sentensi aliyoianza imeishia kwenye neno la pili.

Usiku huo mume wangu aliniambia niandike zile saa za nyasi katika daftari la masomo, chini ya sayansi. Sikuandika. Kwa maoni yangu, kazi ambayo mtoto ameshaimudu na anaendelea kuifanya kwa sababu tu inatakiwa kuisha ni kazi, tena kazi ya heshima, lakini tusiibandike jina la somo ili dhamiri zetu zitulie. Yeye anaona ninaitenga akili na mikono, na kwamba uvumilivu nao hufundishwa. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, husimama upande wake na kunikumbusha kuwa samaki mkunje angali mbichi.

Jambo hili lingebaki kuwa mabishano ya wazazi kama mtoto mwenyewe asingelisema. Katika siku za nyasi huwa tunachukua vibarua wawili watatu watusaidie. Jioni moja, tukiwa mezani, mwanangu aliuliza kwa adabu: “Baba, wale wanalipwa, nami nimebeba kama wao. Mbona mimi silipwi?” Baba yake alimjibu kuwa shamba ni la familia nzima, kwa hiyo naye anajifanyia kazi mwenyewe. Jibu hilo ni la kweli, lakini sidhani kama lilimtosha, na mimi pia halikunitosha, kwa sababu mwenye shamba huamua lini apumzike, na mtoto haamui.

Nilijaribu kutafuta mwongozo nje ya nyumba yetu. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unazungumzia umri wa chini wa kufanya kazi: unaruhusu nchi kuwakubalia watoto wa miaka 13 hadi 15 kazi nyepesi zisizodhuru afya wala kuathiri masomo yao, na unaweka miaka 18 kwa kazi za hatari. Hata hivyo, mkataba huohuo unatoa nafasi ya kuyaacha nje mashamba ya familia na mashamba madogo yanayozalisha kwa matumizi ya palepale na yasiyoajiri watu mara kwa mara. Nao Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Nimeyasoma yote hayo kwa makini, na yamenisaidia katika suala la usalama, ambalo sisi wawili hatubishani: hakuna mtoto wetu anayeendesha trekta, anayepanda juu yake kama abiria wala anayegusa dawa za kuua wadudu. Lakini sheria, kwa hali yake, haiwezi kuniambia ni saa ngapi za marobota zinazomfaa kijana wangu anayekua.

Kisha kuna suala la saa zenyewe, ambalo naona watu wasioishi shambani hawalifikirii. Wakati wa joto kali kazi hufanywa alfajiri na jioni, ili watu na wanyama wasiumizwe na jua la mchana. Alfajiri ndipo pia akili ya mtoto inapokuwa nyepesi kwa hesabu na kusoma. Kwa hiyo shamba na kitabu vinagombea saa zilezile, na kila mara shamba hushinda, kwa kuwa ng'ombe aliyejaa maziwa hangoji na kitabu kinangoja. Masomo yanasukumwa mchana, wakati nyumba inachemka na watoto wanasinzia. Nimeona namna wanavyosahau: yule wa miaka 6 alikuwa ameanza kuunganisha silabi bila kusita, na sasa anarudi kutaja herufi mojamoja.

Michezo nayo inapungua, na hilo linaniuma zaidi kuliko masomo. Siku za kiangazi ni ndefu, jua huchelewa kuzama, na zamani jioni hizo zilikuwa za watoto: kujenga vibanda kwa matawi, kukimbizana na mbwa, kulala chali na kutazama mawingu bila mtu kuuliza wamejifunza nini. Binti yangu anapenda kujificha na kitabu nyuma ya ghala, na siku hizi akiitwa hutoka na uso wa mtu aliyekamatwa. Sipendi kuuona uso huo kwa mtoto ambaye hajakosa lolote.

Nimependekeza kwa mume wangu mambo matatu. Kwanza, kila mtoto apate somo moja fupi la dakika 20 hivi alfajiri, kusoma au hesabu, kabla ya kugusa ndoo, hata siku ya nyasi. Pili, katika daftari tuandike tu kazi ambayo mtoto ameuliza, amepima, ameandika au ameeleza kitu kipya. Tatu, saa za mkubwa za kubeba marobota ziwe na mwisho unaojulikana, na zikipita hapo alipwe. Pendekezo la kwanza amelikubali shingo upande. La pili analiona kuwa ni urasimu usio na maana nyumbani. La tatu amelikataa kabisa, akisema mtoto akizoea kulipwa kwa kusaidia nyumbani, ataanza kudai ujira hata wa kumnywesha maji mgonjwa. Hofu hiyo naielewa, wala si ya kupuuzwa.

Ndugu Mshauri, na wasomaji mnaolea watoto shambani, hasa mnaowafundisha wenyewe, naomba ushauri wenu. Je, kiangazi mnaacha masomo kabisa na kuyafidia majira ya baridi, au mnabakiza kidogo kila siku? Mnatofautisha vipi kazi za kawaida za nyumbani, ambazo kila mtoto anapaswa kuzifanya bila malipo, na kazi nzito ya msimu ambayo mtu wa nje angelipwa? Na kwa waliolelewa hivi wenyewe na sasa ni watu wazima, naomba mniambie bila kunificha: mlilipwa au hamkulipwa, na mngependa wazazi wenu wangeamua vipi? Majibu yenu nitamsomea mume wangu, na mwanangu pia, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza.

Wenu katika malezi,
Mama wa Watatu