Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Kabla ya Kununua Ndege ya Kivita, Tuulize Nani Atashika Funguo Zake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,

YAH: UNUNUZI WA NDEGE ZA KIVITA ZENYE MAJUKUMU MENGI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe ni la umma. Ndege ya kivita ikishanunuliwa huishi na taifa kwa miaka thelathini na zaidi, na wakati huo wewe na mimi tutakuwa tumekwisha kuwaachia wengine nafasi zetu pamoja na madeni yake. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikiwa fundi wa mifumo ya umeme wa ndege, na sipingi hata kidogo nchi kuwa na ndege za namna hii. Ombi langu ni moja: kabla ya kupima kasi ya ndege na idadi ya makombora inayobeba, Wizara yako ijue ni nani atakayeshika programu zake za kompyuta, na ni nani atakayeihudumia itakapofikisha miaka ishirini.

Zamani kila kazi ilikuwa na ndege yake. Moja ilizuia adui angani, nyingine ilishambulia ardhini, nyingine ilipiga picha. Ufaransa ilipojitoa katika mradi wa pamoja wa Ulaya wa kuunda ndege ya kivita mwaka 1985, ilitaka ndege moja ya kufanya kazi hizo zote, na nyepesi kiasi cha kuweza kutua juu ya meli yake ya kubebea ndege. Ndege ya majaribio, Rafale A, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Julai 1986. Hata hivyo, jeshi la anga la Ufaransa lilianza kuitumia Rafale mwaka 2006, yaani miaka ishirini baadaye. Kupunguzwa kwa bajeti baada ya Vita Baridi kulichangia ucheleweshaji huo, lakini sababu nyingine ndiyo inayonifanya niandike: kuunda mwili wa ndege unaoruka vizuri ni jambo moja, na kuufundisha mwili huo kazi nyingi ni jambo jingine kabisa.

Wauzaji watakueleza kwanza kuhusu kasi, na hapo naomba uwe mwangalifu. Mirage 2000, ambayo Rafale ilikuja kuchukua nafasi yake, hufikia takriban Mach 2.2, yaani mara 2.2 ya kasi ya sauti, lakini Rafale yenyewe huishia Mach 1.8, na F-35 ya Marekani Mach 1.6. Ndege mpya ina kasi ndogo kuliko ya zamani, na wahandisi walikubali hivyo kwa makusudi, kwa sababu rubani wa leo hashindi kwa kumkimbilia adui bali kwa kumwona kabla hajaonwa. Uwezo wa kubeba una uzito zaidi katika hesabu. Rafale tupu ina uzito wa takriban tani 10, na inaweza kupaa ikiwa na jumla ya tani 24.5, ambapo hadi tani 9.5 ni mzigo wa nje wa silaha na mafuta. Ndiyo maana ndege hiyo hiyo, katika safari hiyo hiyo, inaweza kubeba mabomu ya kuongozwa kwa ajili ya shabaha za ardhini na makombora ya kujilinda angani.

Kiini cha ndege hii, Mheshimiwa, kimo katika rada na kompyuta zake. Antena ya rada ya kisasa haizunguki. Imeundwa kwa mamia ya vipande vidogo vinavyotuma na kupokea mawimbi, na mwali wake huelekezwa kwa umeme kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hivyo inaweza kufuatilia ndege kadhaa angani huku ikichora ramani ya ardhi. Pembeni yake kuna kamera za kuhisi joto, na mitambo ya kusikiliza rada za adui na kuzivuruga. Kompyuta hukusanya habari zote hizo na kumpa rubani picha moja, ilhali baba zetu walilazimika kusoma vipimo vitano na kuunganisha mambo kichwani huku wakirusha ndege kwa mkono.

Hata kurusha kwenyewe sasa ni kazi ya kompyuta. Ndege hizi zimeumbwa kwa makusudi bila utulivu wa asili, ili zigeuke haraka, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuzidhibiti bila msaada. Uswidi ililijua hilo kwa uchungu. Ndege ya kwanza ya majaribio ya Gripen, ndege ya kivita ya nchi hiyo, iliruka Desemba 1988, na tarehe 2 Februari 1989 ilianguka wakati wa kutua, chanzo kikiwa programu ya kuongoza ndege na si injini wala bawa. Mwaka 1993 Gripen nyingine, ikirushwa na rubani yule yule, ilianguka katikati ya Stockholm mbele ya umati, na ni neema kwamba hakuna aliyekufa. Waswidi walirudi kwenye programu, wakaisahihisha, na mwaka 1996 ndege ikaingia jeshini. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu programu ilikuwa mikononi mwao.

Programu hiyo haimaliziki siku ya makabidhiano. Rafale kumi za kwanza za jeshi la wanamaji la Ufaransa zilipokelewa zikiwa na uwezo wa mapambano ya angani tu, na baadaye ikabidi ziboreshwe ili zifanye kazi zote. Kombora la masafa marefu la Meteor lilikuja na toleo jingine la mfumo, lililoidhinishwa mwaka 2018. Mnunuzi wa ndege hizi ananunua mlolongo wa matoleo ambayo mengi bado hayajaandikwa, na pamoja nayo orodha ya alama za rada za maadui inayoiwezesha ndege kutambua hatari. Orodha hiyo ikiandaliwa na nchi nyingine peke yake, rubani wetu ataona kile ambacho nchi hiyo imependa akione.

Mifano ya kutuonya ipo. Mwaka 1990 Marekani ilizuia kukabidhiwa kwa ndege 28 za F-16 zilizoagizwa na Pakistan, ingawa fedha zilikuwa zimeanza kulipwa. Uturuki, ambayo viwanda vyake vilikuwa vikitengeneza sehemu nyingi za F-35, iliondolewa katika mpango wa ndege hiyo Julai 2019 baada ya kupokea makombora ya S-400 ya kutungulia ndege kutoka Urusi. Siandiki haya kulaumu taifa lolote, kwa maana kila muuzaji hulinda maslahi yake. Yetu tutayalinda sisi, kwenye mkataba, kabla ya kutia saini.

Niruhusu nitaje jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika karakana moja niliyofanyia kazi, ndege nzima isiyo na ufa wala kutu ilikaa bandani kwa miezi kadhaa kwa sababu kisanduku kimoja cha kompyuta kilihitaji kufunguliwa kwa namba za siri ambazo mtengenezaji pekee alikuwa nazo. Tulikuwa na ujuzi wa kukitengeneza, lakini hatukuwa na ruhusa. Kila asubuhi tulipangusa vumbi kwenye mabawa yake, na sijawahi kusahau aibu ile.

Yaliyotupata sisi kwa ndege moja, Afrika Kusini iliyaona kwa kikosi kizima. Ilinunua Gripen 26, ndege nzuri na za gharama nafuu zikilinganishwa na wenzake, lakini mkataba wa matengenezo ulipokwama kwa ukosefu wa fedha mwaka 2021, zilikaa chini kwa takriban mwaka mzima hadi mkataba mpya ulipopatikana mwaka 2022. Hata Marekani yenyewe haijaepuka. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali yake iliripoti kwamba Machi 2023 ni takriban asilimia 55 tu ya F-35 zake zilizokuwa tayari kwa kazi, na ikataja upungufu wa vipuri na kuchelewa kwa karakana miongoni mwa sababu.

Nakiri kwamba ndege hizi zinaweza mambo makubwa. Januari 2013 Rafale nne ziliondoka Saint-Dizier, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, zikashambulia shabaha nchini Mali na kutua N'Djamena, mji mkuu wa Chad, baada ya zaidi ya saa tisa angani. Lakini zilijazwa mafuta angani mara kadhaa na ndege nyingine, ambazo hazionekani kwenye picha za matangazo na ambazo nazo zina bei yake.

Kwa hiyo naiomba Wizara yako iweke mambo haya ndani ya mkataba wenyewe: mafundi wetu wafunzwe hadi ngazi ya kufungua na kutengeneza visanduku vya mifumo, si kuvibadilisha tu, wataalamu wetu wawe na haki ya kuandaa orodha yetu ya alama za rada, na fedha za matengenezo ya miaka kumi ya mwanzo zitengwe kabla ndege ya kwanza haijatua. Naomba pia Kamati ya Bunge inayohusika ipewe kila mwaka idadi ya ndege zilizo tayari kuruka, ikilinganishwa na zile tulizolipia. Muuzaji akikataa masharti hayo, idadi ya ndege ipunguzwe, na fedha zitakazobaki zipelekwe kwenye karakana na shule ya mafundi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa ndege mstaafu