Mazuku hayachagui damu

Bwana Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu wa Sake, mji jirani na Goma yetu ya mashariki mwa Kongo, kuhusu mazuku, yaani hewa inayoua inayotulia kwenye mashimo na mabonde ya huku, nami namshukuru kwa kulikumbusha jambo hili. Ila mawili kati ya aliyoyasema yataua watu. Anasema mazuku huwachukua wenye damu dhaifu. Anasema pia kwamba mwanaume mwenye nguvu, akijifunga kitambaa chenye maji puani, anaweza kushuka shimoni, akamtoa mbuzi wake na kurudi salama. Hapana.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa nusukaputi. Kazi yangu hapa Goma ilikuwa kuwalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa na kuwaamsha baadaye. Mpasuaji hutazama kisu chake. Sisi hutazama pumzi, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nikisikia mtu anafundisha watu kupumua ndani ya mazuku, siwezi kunyamaza.

Inayoua katika mabonde yale ya njia ya Sake, kule Mugunga na kandokando ya ziwa dogo la Lac Vert, ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Ni ileile inayotoa povu unapofungua soda, ileile tunayoitoa puani kila tunapopumua. Inatoka chini kwenye volkeno zetu na kupenya nyufa za mawe ya lava. Haina rangi wala harufu, ingawa ikiwa nyingi sana huchoma pua kwa uchachu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaanza.

Sasa tuingie mwilini. Hewa safi ina oksijeni asilimia 21, na hewa ukaa kama asilimia 0.04 tu. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kinashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu. Viko mamia ya mamilioni. Vyote vikitandazwa vingefunika mita za mraba 70 hivi. Kati ya hewa iliyo kifukoni na damu inayopita pembeni yake kuna utando mwembamba kuliko unywele, na hapo hapana mlango wala mlinzi. Kila hewa hutoka ilikobanana kwenda iliko chache, kama waumini wanavyomiminika nje misa ikiisha. Damu inafika imesheheni hewa ukaa iliyoikusanya miguuni, tumboni na kichwani. Kifukoni kuna kidogo, basi inatoka. Oksijeni ni nyingi kifukoni, basi inaingia.

Mtu akiinama ndani ya mazuku, mambo yanageuka. Nje sasa kuna hewa ukaa nyingi kuliko iliyo kwenye damu, na kwa kanuni ileile inaingia badala ya kutoka. Mapafu hayajaharibika hata kidogo. Yanafanya kazi yao barabara, na hatari yenyewe iko hapo.

Wengi hudhani tunahema kwa sababu oksijeni imepungua. Kwa mtu mwenye afya, kinachomsukuma zaidi ni hewa ukaa kuzidi. Ikichanganyika na maji ya damu inakuwa asidi, na katika shina la ubongo, pale kichwa kinapokutana na shingo, kuna seli zinazoonja uchachu huo usiku na mchana. Zikiuonja umeongezeka, amri inashuka kwenye neva hadi kiwambo: vuta zaidi, vuta haraka. Ukiwa unapanda mlima na ndoo ya maji kichwani, amri hiyo inakusaidia. Ndani ya shimo inakumaliza, maana kila pumzi unayoamriwa inaleta hewa ukaa nyingine. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mwenye kifua kipana, aliyezoea kusukuma mbao na magunia, atavuta nyingi kuliko bibi kizee. Nguvu anazosifiwa na msomaji wa Sake hazitamwokoa.

Hewa ukaa ikizidi asilimia 10, fahamu hupotea ndani ya dakika chache. Ikifika 30, pumzi chache zinatosha, na mazuku yetu yanaweza kupita kiwango hicho mbali sana. Sisi wa nusukaputi hilo halitushangazi. Miaka ya 1820, kabla etha, dawa ya usingizi ya kuvuta puani, haijaanza kutumika kwenye upasuaji, daktari Mwingereza Henry Hill Hickman aliwalaza wanyama kwa hewa hiyohiyo ili awapasue bila maumivu. Mashine zetu zinazorudisha pumzi ya mgonjwa kwenye mzunguko zina chombo cha chokaa maalumu kinachonyonya hewa ukaa, na chokaa hiyo hubadilika rangi inapochoka. Nilikikagua chombo hicho kuliko nilivyokagua saa yangu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Ukinyimwa, wa kwanza kuzima ni huo, na miguu haina wa kuiambia igeuke.

Kuhusu damu dhaifu. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na kila pumzi tunayovuta hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya mtu wa Mombasa. Figo hulihisi pengo hilo, hutoa homoni inayouchochea uboho wa mifupa uongeze seli nyekundu. Basi watu wa Goma hatuna damu ya maji. Lakini hata ungekuwa na seli nyekundu za kujaza pipa, kazi ya seli ni kubeba ilichopewa. Mapafuni isipopewa oksijeni, itabeba nini? Figo hizohizo husaidia pia kuondoa uchachu wa damu kupitia mkojo, ila kazi hiyo huchukua siku. Shimoni huna siku.

Kitambaa chenye maji huzuia vumbi. Hewa ukaa inapita kana kwamba hakipo. Majirani zangu hapa Keshero wanaongeza dawa yao, maziwa. Maziwa ni mazuri, nayapenda sana, lakini njia ya chakula na njia ya hewa huachana kooni, na kuna kifuniko kidogo kinachohakikisha kila kimoja kinapita kwake. Yatakwenda tumboni. Na aliyezimia msimnyweshe kitu chochote, maana kifuniko hicho hakimlindi tena vizuri, naye atapaliwa hadi mapafuni.

Kinachoamua nani aanguke kwanza ni urefu na mahali. Mbuzi, mbwa, mtoto anayetambaa, mtu aliyelala chini: pua zao ziko kwenye hewa ile wakati baba aliyesimama bado yuko juu yake na anashangaa. Vita vinapowasukuma watu kuelekea mjini, mahema husimamishwa popote panapopatikana nafasi, na nafasi mara nyingine ni bonde ambalo wenyeji wameliacha kwa sababu wanalijua. Anayegawa viwanja awaulize wazee wa hapo kabla ya kupiga kigingi. Ndege waliokufa chini bila jeraha wanatosha kuwa jibu.

Niseme pia kuhusu jiko la makala, yaani makaa, kwa sababu watu huliita mazuku ya nyumbani na si hivyo. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa nyingine, kaboni monoksidi. Hiyo hung'ang'ania hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na wala haimfanyi mtu ahangaike kuhema, anapitiliza usingizini. Hata kile kibanio cha kidoleni tunachopimia oksijeni kinadanganyika, kinaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Jiko lilale nje.

Sasa la kufanya. Ukimwona mnyama au mtu amelala shimoni, usishuke, hata akiwa ndugu yako. Simama juu, upande unakotoka upepo, piga kelele watu waje. Mvuteni kwa kamba au mti mrefu kama unamfikia. Kama haumfikii, wa kushuka ni mwenye chupa yake ya hewa mgongoni, hakuna mwingine. Akishatoka, mlazeni chali mahali pa juu. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni mpaka uone kifua kinapanda. Pumzi unayoitoa bado ina oksijeni asilimia 16 hivi, na hewa ukaa kama asilimia 4 tu. Kwake huo ni uhai. Kama hapumui na haitikii kabisa, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, kisha mpulizie mara 2, na mrudie. Mkichoka, pokezaneni. Najua haraka ya kwanza ya watu wetu ni kumpakia kwenye pikipiki katikati ya wawili na kukimbilia hospitali. Asiyepumua msimpakie. Juu ya pikipiki hakuna anayeweza kumpulizia, na kutoka Mugunga hadi mjini ubongo wake hautasubiri.

Mama muuguzi mstaafu,
Keshero, Goma