Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Kabla ya ubia wa vyuo vya ufundi, piteni kwanza karakana

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Salamu kutoka Kahama. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana Zongomela yenye watu kumi na wawili. Tunatengeneza mageti, matangi ya maji na bodi za malori, na mara mojamoja tunaambulia kipande cha kazi kwa wakandarasi wa migodini. Sijawahi kukaa kwenye kikao cha mtaala. Ila kila mwezi nalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile tunayoiita SDL, na kila mwaka napokea vijana wanaotoka kwenye vyuo vinavyotegemea tozo hiyo. Kwa hiyo kila inapotajwa habari ya serikali kuingia ubia na sekta binafsi ili kuendesha vyuo vya ufundi, nasikiliza kama mtu anayezungumziwa mfukoni mwake.

Nianze na kijana mmoja. Alikuja mwaka jana, shati limepigwa pasi, cheti kwenye bahasha ya plastiki. Nikampa vipande viwili vya bamba aviunganishe mezani. Akavichoma vizuri tu, ukigonga na nyundo magamba yanabanduka yenyewe. Nikafunga bomba la inchi mbili kwenye jiliwa, nikamwambia alizunguke lote bila kuligeuza. Juu alikwenda. Ubavuni akaanza kusitasita. Alipofika chini, ambako unachoma ukiangalia juu na chuma kilichoyeyuka kinataka kukudondokea, akasimama. "Mzee, huku sijawahi kufika." Nikamuuliza, chuoni umechoma bomba mara ngapi? Akasema bomba alilichora kwenye daftari. Rodi walikuwa wanagawiwa mbilimbili, na mashine wanapokezana.

Chuo chake sikitaji, maana stori hiyo nimeisikia kwa vijana wa vyuo vingi. Wala simlaumu mwalimu wake. Uchomeleaji ni kazi ya kula vifaa: mkono haukai sawa mpaka uwe umeteketeza rodi na vyuma vingi sana, na hakuna bajeti ya chuo inayoweza kulisha darasa zima namna hiyo. Huku kwangu vipande vya mabomba vimejaa nyuma ya karakana, tunaviuza kwa kilo kama chuma chakavu. Mwalimu wa kukaa na kijana mmoja wiki tatu akimrekebisha mkono ndiye sina. Chuo kina mwalimu hakina vyuma, mimi nina vyuma sina mwalimu. Ubia ninaouelewa mimi ni huo.

Unaofanyika mara nyingi ni mwingine. Kampuni inaleta mashine, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Niliwahi kuitwa kwenye chuo kimoja nitazame mashine ya kukereza vyuma iliyotolewa msaada. Ilikuwa imefunikwa turubai, safi kabisa, kadi yake ya umeme imeungua. Aliyeitoa hakuacha vipuri, chuo hakikuwa na fungu la kuvinunua, na wanafunzi walikuwa wanaonyeshwa tu kwamba hii ndiyo ya kisasa.

Na sisi wenye karakana tuna dhambi zetu, nakiri. Vijana wa fildi wanakuja na fomu, wanakaa wiki kadhaa, wanafagia, wanashika waya wa grainda, wanatumwa chai. Siku ya mwisho naandika "amefanya vizuri sana" na kugonga muhuri. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Hakuna aliyenilipa nifanye zaidi, na hakuna aliyewahi kuja kunikagua.

Mheshimiwa, mfano mzuri tunao hapa nchini. Mwaka 2009 VETA (mamlaka ya serikali ya ufundi stadi), Chemba ya Madini na Nishati na kampuni za migodi walianzisha mafunzo ya ufundi wa migodini katika chuo cha VETA Moshi. Walioujua mgodi walikaa mezani wakasema fundi wanayemtaka awe anaweza nini, migodi ikachangia gharama, na mwanafunzi akawa anatoka darasani anaingia mgodini, anarudi darasani tena. Yule hakusoma bomba kwa penseli. Manung'uniko yangu ni madogo: chuo kilikuwa Moshi na dhahabu iko huku kwetu. Jingine ni kwamba mpango ule ulihudumia kampuni kubwa, na vijana wengi wa nchi hii hawatafanya kazi mgodini. Watafanya kazi kwa watu kama mimi.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka usome mara mbili. Sheria yetu ya ubia, Sura ya 103, iliyotungwa mwaka 2010, inamfaa mwekezaji mwenye wanasheria na wataalamu wa upembuzi yakinifu. Fundi mwenye watu kumi na wawili hawezi hata kuomba kikao. Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya ufundi vya wilaya zaidi ya 60. Ukienda kutafuta mbia mkubwa kwa kila wilaya, wilaya nyingi hazina. Zina karakana tano za kuchomelea, gereji kumi, mafundi seremala, mafundi umeme, hoteli mbili tatu. Hao wakiunganishwa kwa mkataba mmoja na chuo, chini ya chama chao au SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, ni mbia tosha. Na mbia wa namna hiyo hafungi virago siku bei ya dunia ikianguka. Sisi Kahama tunalijua hilo: mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, leo eneo lake linageuzwa kuwa la viwanda. Ndugu zetu wa Kusini wanalijua zaidi. Vijana wao waliandaliwa kwa ajili ya gesi, na mtambo wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, haujajengwa. Chuo kikitegemea kampuni moja tu, kampuni ikisita kijana anabaki na ujuzi usio na mnunuzi.

Sasa pesa. Mishahara yangu kwa mwezi ni kama shilingi milioni 5.4. SDL ni asilimia 3.5, kwa hiyo nalipa 189,000, kwa mwaka zaidi ya milioni mbili na laki mbili. Silalamikii kiwango, kimeshushwa kutoka asilimia 6 ya zamani na tunashukuru. Ila kwa miaka mingi mgawanyo umekuwa theluthi moja kwenda VETA na theluthi mbili Hazina, ambako sehemu imekuwa ikienda kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mikopo hiyo ni jambo jema. Lakini mtu akiniambia nimechangia ufundi stadi, nami namfundisha kijana kwa rodi zangu, nikirudi nyumbani nagundua nimelipa mara mbili. Tena jirani yangu ana watu tisa, na sheria inawagusa wenye kumi na zaidi. Yeye halipi, na juzi amemchukua fundi niliyemfundisha miaka miwili. Kamwongezea elfu thelathini kwa wiki. Ningekuwa mimi ningehama pia. Ndiyo maana wenye karakana wengi wameacha kufundisha, wanangoja aliyefundishwa na mwenzao.

Wakenya tozo yao ni shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri anayelipa akimpeleka mtu mafunzoni anaweza kudai sehemu ya gharama kutoka NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani. Kitu kama hicho tungekitaka. Mwajiri anayepokea mwanagenzi kwa mkataba, akamfundisha mpaka akafaulu mtihani wa mikono, apunguziwe SDL yake kwa kiasi kinachojulikana. Asiyefaulisha asipate. Mtihani wenyewe usisimamiwe na aliyefundisha, wala na chuo peke yake.

India walipoanza mwaka 2007 kuboresha vyuo vyao vya ufundi 1,396 kwa njia ya ubia, kila chuo kilipewa kamati ya uendeshaji na mwenyekiti akawa mtu wa viwanda. Tuchukue hapo kiti tu. Kwenye bodi zetu mwajiri hualikwa kama mgeni, anapewa maji na posho, anasikiliza taarifa iliyokwisha kuandikwa. Apewe kiti chenye kura kwenye mambo matatu: vifaa gani vinunuliwe, fani ipi ifunguliwe au ifungwe, na mwanafunzi akae kazini miezi mingapi. Ada na nidhamu wabaki nayo walimu, hatuyawezi.

Na mkataba uandike mapema nani anamtibu kijana akiungua mkono kwangu. Hili linaonekana dogo ukiwa Dodoma. Huku ndilo linalofanya mwenye karakana aseme "leo hapana nafasi".

Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zimetufungulia mlango wa migodini, lakini mlangoni pale unaulizwa cheti cha mchomeleaji wa mabomba aliyepimwa. Nilipokosa kazi moja kwa ajili hiyo, ilichukuliwa na watu waliotoka Dar es Salaam. Walilala nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili na karakana yangu kwa miezi miwili, na jioni walikuja kuazima grainda.

Yule kijana wa bahasha sikumrudisha. Nilimwekea vipande vya bomba pembeni, kila siku baada ya saa kumi anachoma, nakagua asubuhi. Ilimchukua miezi minne na rodi sijui katoni ngapi, zote za kwangu. Sasa chini anapita bila kudondosha. Kupimwa rasmi bado, maana ada ya mtihani na nauli hatujazipata. Ukija Kahama, Mheshimiwa, tunafungua saa moja asubuhi. Umuone akichoma, kisha uniambie mafunzo yake yameandikwa kwenye fungu gani.

Wako,
Mwenye karakana, Zongomela, Kahama